Karani Aliyetuuliza Majina

Kwetu Butembo tulimwita Karani tu. Makarani wengine walipita, wembamba na wanene, wa kupokea bahasha na wa kupokea kuku, lakini ukisema Karani bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa état-civil, ofisi ya kuandika wanaozaliwa, wanaooana na wanaokufa. Yeye mwenyewe alizaliwa wapi, na nani, sijui hadi leo. Mtu aliyeandika kuzaliwa kwa nusu ya mji hakupenda kuulizwa kuzaliwa kwake. Ukimwuliza alisema, "Mbali. Kule mto iko mupana, ngambo ingine hauione." Kisha anakuuliza wewe swali, na kabla hujatanabahi umekwisha kumweleza habari za shangazi yako na mume wake wa kwanza.

Alifika kwetu muda mfupi baada ya uhuru, wakati Wabelgiji walipoondoka wakaacha funguo mezani na Serikali mpya ikatafuta mikono ya kuzishika. Alikaa Beni kwanza, kisha wakamleta Butembo. Alikuwa na viatu vyeusi jozi moja, mwavuli, na kalamu mbili, moja mfukoni na nyingine nyuma ya sikio. "Hii ya Serikali," alisema, "na hii yangu." Ile ya Serikali aliandikia vitabu. Ile yake aliandikia maswali, katika daftari dogo alilolitia ndani ya kofia.

Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nina kibanda changu cha vipande vya kinga, yaani baiskeli, mbele ya ofisi yake. Siku ya kwanza alikuja kutafuta pedali. Nikataja bei. Akanitazama.

"Ile bei unaitaka kweli?"

"Hapana, bwana Karani."

"Sasa juu ya nini unaisema?"

"Ili mushushe."

"Na nikiikubali?"

"Nitahuzunika siku muzima. Nitajua nilisema kidogo."

Akavua kofia, akatoa daftari, akaandika. Halafu akalipa bei ile ile niliyoitaja, akaondoka na pedali yake. Nilihuzunika siku nzima.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mambo tuliyoyafanya bila kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya, yeye aliyasimamisha na kuyazunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Alimwuliza mfanyabiashara mmoja mwenye malori matatu kwa nini koti lake limetoboka viwiko. Yule akajibu kwamba koti likiwa jipya watu watajua ana malori. "Mais malori yanaonekana!" akasema Karani, kwa 'lakini' yake ya Kifaransa. "Malori ni ya kazi," akajibiwa. "Koti ni ya kujionyesha." Karani alilipenda jibu hilo mwezi mzima. Alilirudia kwa kila mtu, hata kwa mwenye koti.

Siku zile baa zilianza kufunguka, gramafoni zikaletwa kutoka Bunia na Kampala, na vijana wenye suruali za kubana wakaanza kucheza wameshikana, mwanamume na mwanamke, mchana kweupe siku ya Jumapili. Wazee walilaumu uhuru. Karani hakulaumu, aliuliza. Alimsimamisha mama mmoja mzee aliyekuwa akipanda kutoka sokoni, mzigo wa viazi mgongoni umefungwa na kamba ya kipajini, mumewe akiwa mbele yake hatua kama ishirini, mikono mitupu.

"Mama, batoto banacheza banashikana. Ninyi munatembea mbalimbali kama watu banagombana. Juu ya nini?"

Yule mama hakusimama hata kidogo. "Barabara iko na mashimo, Karani. Akitangulia, nitajua kwenye iko."

Hakuwa mtu wa kutucheka. Hilo lilituchukua muda kulielewa, kwa kuwa watumishi wa Serikali waliotoka mikoa mingine walikuja na kicheko chao tayari: hawa watu wa milimani wanakula maharagwe, wanalala mapema, wanapunguza bei hata ya sadaka. Yeye alitaka kujua kweli. Alikuwa Mkristo wa misa ya asubuhi, lakini baada ya misa alimngoja padri mlangoni na maswali yake, na padri akajizoeza kutokea mlango wa nyuma.

Lakini swali lake kubwa lilikuwa la majina, na hapo ndipo habari hii inapoanza kuwa nzito.

Juma lake la kwanza ofisini Butembo, watu walipanga mstari. "Jina?" "Kambale." Akaandika. "Anayefuata. Jina?" "Kambale." Akaandika. Wa tatu, Paluku. Wa nne, Kambale. Ilipofika saa sita alifunga kitabu kwa kishindo, akavuka barabara hadi kwangu, jasho linamtoka.

"Munanicheka?"

"Nani?"

"Ninyi bote! Kambale, Kambale, Paluku, Kambale. Munafikiri niko mujinga ya mutoni?"

Nikampa kigoda. Nikamweleza kitu ambacho kwetu hata mbuzi anakijua: mtoto wa kiume wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea. Wasichana wana mpango wao. Padri anaweza kukuongezea jina la mtakatifu akitaka, lakini lile la nyumbani linakungoja kabla hujazaliwa.

"Donc munajiita numéro, namba tu," akasema.

"Hapana numéro. Ni nafasi. Ni kiti chako kwa mama yako."

Niliona anahesabu. Alimjua kaka yangu mkubwa, aliyeuza chumvi kona ya pili.

"Weye Kasereka. Yaya yako Paluku, namujua. Kambale yenu iko wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Mwenyeji haulizi. Akisikia Kasereka ana kaka mmoja tu, anajua, anapita. Nikamwambia kwamba Kambale wetu alikufa kabla ya kuota meno, na kwamba mtoto akifa jina lake halipewi mwingine. Anayezaliwa baada yake anachukua lake mwenyewe, la mbele. Mama yangu alizaa wanaume watatu, basi. Kila aliponiita Kasereka aliniita wa tatu, na kila aliyesikia alijua kuna mmoja chini ya udongo.

Karani akaitoa kalamu yake nyuma ya sikio, lakini hakuandika. "Na ndani ya kitabu ya Serikali?"

"Kitabu gani? Muzungu aliandikaga bale banalipa kodi. Mutoto ya miezi minne halipe kodi."

Tangu siku ile, mtu akishasema jina, Karani alimwuliza, "Nani anakutangulia? Nani anakufuata?" Kitabu hakikuwa na nafasi ya maneno hayo. Akachora mstari pembeni kwa rula, akaandika kwa penseli, jina juu na jina chini. Wakubwa wake wa Beni walikuja kukagua, wakamgombeza kwa kuharibu kitabu. Akasema ndiyo chef, ndiyo chef. Walipoondoka akachonga penseli.

Alijifunza pia Kinande, lugha yetu, kwa ukaidi kama wa mtu anayepasua kuni kwa kisu. Sauti yake ilikwama kooni, akageuza maneno miguu juu, watoto wakamfuata wakimwigiza. Hakujali. "Mutu anacheka anakufundisha bure," alisema.

Habari zikamfikia mama yangu. Mama aliuza maharagwe. Aliyachukua Musienene siku ya soko na kuyashusha Butembo, gunia kwa gunia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na bei yake haikusogea. Hata mimi, mwanawe, sijawahi kumpunguza. Asubuhi moja alifunga kitambaa cha misa, akavuka barabara bila kunitazama, akaingia ofisini kwa Karani. Nilimfuata, nikasimama mlangoni.

"Wasingya, Karani."

"Wasingya, mama. Nikusaidie nini?"

"Nimekuya kuandikisha mutoto."

"Iko wapi?"

"Alikufaka. Mbele ya huyu anasimama pale mulangoni kuzaliwa."

Karani akaweka kalamu chini, taratibu. "Mama, sheria inaomba shahidi. Inaomba tarehe."

"Shahidi ni miye. Nilimuzaa, nilimuzika. Tarehe, ilikuwa wakati ya kupalilia."

"Mama." Alisema kwa upole kabisa. "Miye siandike kitu yenye sikuona, ao yenye hakuna mutu wa pembeni aliona. Nikianza na yako, kesho wataniletea ng'ombe."

"Mungu ulimuona?"

Watu kwenye mstari wakacheka. Karani hakucheka. Alisema atafikiri. Akafikiri wiki mbili; nilimwona anatembea usiku na mchana na mwavuli umefungwa huku mvua inamnyeshea. Kisha akaja kibandani. "Mwambie mama ni hapana." Nikamwambia. Mama akasema, "Nitarudi."

Akarudi. Kila msimu wa maharagwe mapya alikwenda na kapu, akauliza, akaambiwa hapana, akaacha kapu mezani. Karani akatoka mbio nyuma yake kumlipa. Alikuwa mtu wa kwanza Butembo kulipa maharagwe ya zawadi, na mama alikuwa wa kwanza kukataa pesa. Nimehesabu mambo mengi maishani, mara mbili mbili, lakini yale sikuyaelewa hesabu yake. Mama hakuomba kitu kingine kwa mtu yeyote. Alitaka tu mstari mmoja kwenye kitabu, kwamba alizaa watatu.

Usifikiri alikuwa mtakatifu, huyu Karani. Alipocheza dame, ule mchezo wa vifuniko vya chupa, aliiba waziwazi, akisogeza kifuniko kwa kidole kidogo huku akikuuliza habari za mkwe wako. Aliandika umri wa watu kwa siku na mwezi, lakini yeye mwenyewe alikuwa na umri wa namna tatu: mmoja wa Serikali, mmoja wa wanawake, mmoja wa padri. Alisema anajua kupika, ikawa uongo mtupu. Lakini kitabu hakukigusa kwa uongo. Hakuchukua bahasha, hakuchukua kuku. Kijana mmoja wa mtaa wa chini alimwendea kutafuta cheti cha kuzaliwa ili aombe kazi, naye akamrudisha mara nne, kwa kuwa mashahidi wake kila mara walitaja mama tofauti. Mara ya nne kijana yule alisimama katikati ya barabara akapiga kelele, "Karani! Siku moja weye njo utatafuta cheti!"

Kisha waasi wakaja.

Walipanda kutoka magharibi, na habari zao ziliwatangulia kwa siku kadhaa: kwamba wanaoga dawa na risasi inageuka maji, kwamba hawagusi mwanamke wala hawaguswi, kwamba wanachukia kalamu. Mwenye kalamu alikuwa mtu wa Serikali, na mtu wa Serikali alikuwa adui. Mwalimu, karani, mwenye ofisi ya kodi, wote walitafutwa. Na mwenye kalamu aliyetoka mkoa mwingine, hana shangazi wa kumlilia, huyo alikuwa rahisi zaidi.

Karani hakukimbilia msituni mara moja. Mchana mmoja alikuja kwetu akisukuma kinga, na juu yake amefunga vitabu vinne vikubwa kwa kamba. Mama alikuwa uani anapepeta.

"Mama, sikukuya kujificha," akasema. "Nimekuya kuficha hivi. Miye nitaenda porini. Vitabu havijue kutembea."

Mama akaendelea kupepeta kidogo. "Weka ndani ya magunia, chini ya maharagwe. Halafu vua viatu."

"Viatu?"

"Hapa hakuna mutu anavalaka viatu ya kung'aa. Vua. Na ile koti ya baba ya batoto iko nyuma ya mulango."

Marehemu baba yangu alikuwa mfupi. Karani akawa na mikono mirefu iliyotoka kwenye koti kama ya mtoto aliyekua ghafula.

Asubuhi ya tatu wakaja watatu, majani kichwani, bunduki mbili na mkuki mmoja. Mkubwa wao alitoka mbali, alisema Kiswahili cha upande mwingine. Wa pili pia. Wa tatu, mwenye mkuki, nikamjua: ni yule kijana wa cheti.

Mama akawapokea mlangoni kwa mkono ulionyooshwa, mkono wa mwanamke, wenye unga. "Karibu, batoto."

Mkubwa akaruka nyuma. "Usiniguse, mama! Dawa itakufa!"

"Sasa mutaingia namna gani? Mulango ni mudogo, na miye niko munene."

Mkubwa aliupima mlango, akampima mama, akakubali hesabu. "Wanaume watoke nje."

Tukatoka. Paluku, kisha Karani, kisha mimi, tukasimama hivyo. Nilitazama miguu ya Karani. Ilikuwa laini, nyeupe kati ya vidole, miguu ya mtu wa viatu, na nikafikiri, tumekwisha.

"Majina."

"Paluku," akasema kaka yangu.

Karani akafungua mdomo. Nilimjua miaka mitatu, nikajua atasema jina lake la kweli, na jina la mkoa wake, na huenda na cheo chake. Mama akamtangulia.

"Ule ni Kambale," akasema. "Wangu wa pili."

Sikuwahi kulisikia jina hilo, kwa maana ya mwanawe, likitoka kinywani mwake. Alilisema bila haraka, kama jina analolitaja kila siku kumwita mtu aje kula.

Mkubwa akamgeukia mwenye mkuki. "Weye wa hapa. Unamujua?"

Kijana akasogea. Alimtazama Karani kuanzia miguuni, akapanda polepole hadi usoni. Kisha akamwuliza, kwa Kinande, sauti kavu kabisa: "Nani anakutangulia? Nani anakufuata?"

Na Karani, kwa Kinande chake kile cha kupasua kuni, akajibu kwamba Paluku anamtangulia na Kasereka anamfuata.

"Anasema nini?" akauliza mkubwa.

"Anasema muzuri."

"Sauti yake ni ya namna gani ile?"

"Ni koo," kijana akasema. "Tangu mutoto."

Wakageuka kuondoka. Hapo ndipo ningemwua Karani kwa mikono yangu, kwa maana hakuweza kujizuia. "Yaya," akamwita mkubwa, "mvua ikinyesha, ile dawa inakufa ao inaongezeka?"

Mkubwa akasimama, akafikiri, uso umekunjamana. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. "Inaongezeka," akasema mwishoni, akaenda.

Kijana alibaki nyuma hatua mbili. Akainama kwa Karani, akanong'ona, "Sasa, cheti yangu itatoka?"

Jeshi la Serikali liliporudi, baada ya majuma mengi, lilikuja na hesabu zake lenyewe, na kijana yule hatukumwona tena. Karani alimtafuta Butembo, akamtafuta Beni, akafika hadi Mangina. Siku ofisi ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichoandika kilikuwa cheti kile. Mashahidi aliowahitaji alikuwa amewatafuta mwenyewe, mmoja mmoja, hadi akapata wawili waliotaja mama mmoja. Kilikaa kwenye droo. Kila mwaka alikitoa, akakipangusa vumbi, akakirudisha.

Vitabu vilitoka kwenye magunia vikinuka maharagwe, na wadudu wametoboa kona. Mama alikuwa amesimama karibu tulipovipangusa.

"Sasa utaniandikia?"

Karani alikuwa amevaa viatu vyake tena. "Mama, ile siku ulinipa uzima. Sitasahau. Mais ilikuwa uongo ya kuokoa mutu. Ndani ya kitabu hakuna mutu wa kuokoa."

Nilitaka kumpiga. Paluku alitaka kumpiga, na Paluku ana mkono mzito. Mama akatuinulia kidole. "Basi. Lakini kiti kimepata mutu. Noeli na Pasaka utakula hapa."

Akaja kila Noeli na kila Pasaka. Alibisha hodi kama mgeni, akasalimia kama mgeni, akaketi kwenye kiti cha wageni karibu na mlango. Mezani mama alikuwa ameweka kiti kati ya Paluku na mimi. "Kaa hapa," mama alisema. "Miye mugeni, mama, hapa inanitosha," alisema yeye. Miaka ikapita, nywele zao zikageuka nyeupe, na hakuna hata mmoja aliyeshusha bei. Mimi niliyelelewa sokoni sijaona mapatano marefu hivyo.

Serikali ilijaribu kumhamisha mara tatu kumrudisha kwao. Mara tatu akaandika barua ndefu, ya heshima, yenye maswali mengi kiasi kwamba nadhani walichoka kuyajibu. Kisha ukaja wakati wa Zaire, amri ikatoka tuache majina ya watakatifu, tubaki na ya mababu. Mikoa mingine watu walihangaika kutafuta majina. Kwetu walihangaika kutofautiana. Kila Joseph na kila Pierre aligeuka Kambale, shule zikaanza kuita Kambale wa kwanza, Kambale wa dirishani, Kambale mwenye kikohozi. Viongozi walimjia Karani wakilia. Akafungua vitabu vyake vya zamani, akawaonyesha mstari wa penseli pembeni: nani anamtangulia, nani anamfuata. "Niligombezwa juu ya ile penseli," akawaambia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akijisifu.

Alipostaafu alikwenda Beni, kwenye nyumba ndogo ya mabati. Kwa nini Beni na si kwao? "Kule wananijua," alisema. "Hapa ningali na maswali."

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa wakati wa uasi mwingine, ule wa uzee wetu, wakati barabara ya Beni na Butembo ilipokuwa na vizuizi, kila kimoja na mhuri wake na mkubwa wake. Mama alifariki. Alikuwa mzee kuliko hesabu ya mtu yeyote. Tukampelekea Karani habari kwa kijana wa taximoto, bila kutumaini. Akafika siku ya maziko, amekaa nyuma ya pikipiki na suti iliyolowa, amezuiwa kwenye vizuizi viwili. Tulipokuwa tunatia udongo, Paluku alitangulia. Nikangoja kidogo, nikitazama upande wa wageni. Karani alisimama pale pale na mwavuli wake. Nikatia wangu. Sitaficha, niliumia.

Kesho yake asubuhi alikuja na kofia mkononi. "Mumeandikisha?"

"Nini?"

"Kifo. Kifo kinaandikwa."

Paluku akasema wakati huu wa vita nani anaandika. Karani akamtazama kama anavyomtazama mtu anayemwomba cheti bila mashahidi. Tukaenda wote watatu, wazee watatu, ofisini pale pale, rangi mpya juu ya rangi ya zamani. Nyuma ya meza alikuwa binti wa miaka kama ishirini na mitano, nywele za kusuka, simu karibu na kitabu. Akauliza jina la marehemu, akaandika. Akauliza umri, tukagombana, akaandika kadiri.

"Aliacha batoto ngapi?"

"Babili," akasema Paluku.

"Batatu," akasema Karani.

Binti akainua macho. "Babili ao batatu, bapapa?"

"Batatu. Paluku, huyu. Kasereka, huyu. Kambale ni miye."

"Carte, papa."

Akaitoa kadi yake ya kitambulisho, kuukuu, yenye jina la mbali na mkoa wa mbali. Binti akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. "Papa, jina hapa ni ingine. Mukoa pia. Hii itakuwa fausse déclaration, uongo mbele ya Serikali."

"Binti yangu, miye nilikaa kwa ile kiti yako kabla mama yako kuzaliwa. Huyu mama aliniomba miaka yote, nikamuambia siandike kitu yenye sikuona." Akagonga kitabu kwa kidole. "Asubui moja watu na bunduki walikuya kwake. Akasema mbele yao alizaa watatu. Miye nilikuwa pale. Nilisimama katikati ya hawa babili. Kama unaomba shahidi, shahidi aliona. Andika."

"Na chef akiuliza?"

"Mwambie akuye Beni, nitamuuliza pia."

Binti akamtazama Paluku. Kaka yangu hajawahi kumpenda Karani, hata siku moja. Alimwona mtu aliyekula Noeli hamsini kwetu akakataa kiti. Alijifuta uso kwa kofia yake. "Andika, mama," akasema. "Ule ni mudogo yangu."

Akaandika. Karani akaomba kitabu, akakigeuza kwake, akavaa miwani, akasoma mstari ule kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Akaomba kalamu, akatia sahihi.

"Maandiko yako ni mubaya," akamwambia binti, akimrudishia kitabu. "Mais ni kweli."